Mpeni Daktari Orodha Yake ya Wagonjwa: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mafunzo ya Tiba ya Familia Kenya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Waheshimiwa Magavana na mawaziri wa afya wa kaunti zote 47. Kwa wakuu wa vitivo vya tiba. Na kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Waheshimiwa,

Sisi ni walimu wa madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya familia, pamoja na wauguzi, matabibu (clinical officers) na makarani wa rekodi wanaofanya kazi nao. Tunawaandikia kuhusu siku moja ya wiki, siku ya kliniki, ambayo daktari huyo anatakiwa kuwaona wagonjwa wasiolazwa walio kwenye orodha yake mwenyewe. Siku hiyo ikilindwa, daktari atahitimu akijua kufanya kazi ndani ya timu na kupima ubora wa kazi yake mwenyewe. Ikiendelea kumezwa na wodi na chumba cha upasuaji, kaunti zitapokea daktari wa hospitali mwenye cheti cha tiba ya familia, kisha zishangae kwa nini zahanati hazikubadilika.

Mahali pa kazi pa daktari huyu pameshatengwa na sheria. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, iliyotiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, iliipa nguvu mitandao ya huduma za msingi. Hospitali ya kaunti ndogo, kiwango cha 4, ndiyo kitovu cha mtandao. Zahanati na vituo vya afya vya kiwango cha 2 na 3 vinakizunguka, na chini yake viko vitengo vya afya vya jamii. Timu ya wataalamu wa fani mbalimbali hutoka kitovuni kwenda vituoni, na anayetarajiwa kuiongoza ni daktari wa familia. Ubingwa huu umefundishwa nchini tangu 2005, ulipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Moi, na sasa unatolewa katika vyuo vingine pia. Ila sehemu kubwa ya miaka hiyo ya masomo bado hupita wodini: watu wazima, watoto, uzazi, upasuaji. Stadi hizo anazihitaji, wala hatuombi ziondolewe. Tunachosema ni kwamba kazi ya timu na kazi ya ubora haifundishiki kwa mihadhara ya Ijumaa alasiri. Hufundishika mahali ambapo daktari anakutana na timu ile ile na wagonjwa wale wale kwa miaka, na takwimu zao zinasomwa mbele yake.

Namna siku ya kliniki inavyopotea inajulikana. Ratiba inasema daktari yuko kliniki Jumatano. Jumanne usiku alikuwa zamu. Asubuhi kuna mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua na hakuna daktari mwingine. Anaitwa, anakwenda, na anafanya vyema kwenda. Kliniki inabaki na tabibu mmoja na benchi lililojaa. Hali hiyo ikijirudia mara mbili kwa mwezi, wagonjwa wanatambua kwamba tarehe waliyopewa haina maana. Wanaanza kuja siku yoyote na kuonwa na yeyote. Kosa si la daktari aliyeitika. Ni la ratiba iliyompa zamu ya usiku kabla ya kliniki, kisha ikamfanya yeye awe akiba ya hospitali nzima.

Kwa hiyo tunaomba kanuni mbili ziandikwe katika ratiba, zisiachwe mikononi mwa huruma ya mkuu wa idara. Ya kwanza, asiwe zamu usiku wa kuamkia kliniki wala mchana wa kliniki. Ya pili, jina la daktari wa kwanza na wa pili wa kuitwa kwa dharura siku hiyo liandikwe ukutani katika wodi ya uzazi, na lisiwe jina lake. Penye madaktari wanafunzi watano au zaidi, kuna mpango ulio bora kuliko siku moja ya wiki: wiki nne wodini, kisha wiki moja nzima kliniki, kwa zamu. Wakiwa watano, hakuna wiki ambayo kliniki haina mmoja wao, na anayekuwa kliniki hana mgonjwa wodini wa kumvuta. Udhaifu wake ni kwamba mgonjwa anayetakiwa kurudi baada ya wiki mbili hatamkuta daktari wake. Ndiyo maana kila daktari mwanafunzi apangwe jozi na mwenzake wa mwaka tofauti, na jozi hiyo iwe na tabibu na muuguzi wa kudumu ambao hawahami. Daktari akienda miezi mitatu kujifunza hospitali nyingine, orodha yake ya wagonjwa wa kudumu inabaki na watu wanaoijua.

Hiyo orodha ndiyo kiini cha ombi letu. Hesabu yake ni rahisi, na wengi wanaikosea kwa kukadiria juu mno. Daktari mwanafunzi anayeona wagonjwa 15 kwa siku ya kliniki, wiki 48 kwa mwaka, ana nafasi 720. Mgonjwa wa presha au kisukari akija mara 6 kwa mwaka, wagonjwa 120 wanazimaliza nafasi zote, na hakuna pa kumweka mtoto wa jirani aliyeamka na homa. Orodha ya 80 inatumia nafasi 480 na kuacha 240, yaani 5 kila siku ya kliniki, kwa wanaokuja wakiwa wagonjwa siku hiyo. Tunapendekeza aanze na 40 mwaka wa kwanza wa kliniki, afike 80 mwaka unaofuata, na abaki hapo hadi amalize. Aanze na wenye maradhi ya kudumu, yaani presha, kisukari, pumu na kifafa, kisha waongezwe watu wa nyumba zao: mama mjamzito, mtoto wa kliniki ya chanjo, bibi mwenye magoti. Familia ikikosekana humo, jina la ubingwa wenyewe linakosa maana.

Huko Marekani, masharti ya mafunzo ya tiba ya familia yalikuwa yakimtaka daktari mwanafunzi atimize ziara 1,650 za wagonjwa. Tangu Julai 2023 kipimo hicho kiliachwa, na kikawekwa cha saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa wa kituo chake cha kudumu. Mazingira yetu ni tofauti, lakini hoja inatuhusu: ukihesabu vichwa, utapata vichwa vingi vilivyopita haraka.

Orodha haijitunzi. Faili ya mgonjwa ibandikwe stika ya rangi ya jozi yake. Tarehe ya kurudi itolewe kutoka katika shajara ya siku za daktari huyo. Mazoea ya kusema tu "rudi baada ya mwezi mmoja" yakome. Namba ya simu ithibitishwe kila ziara, kwa kuwa watu hubadilisha laini. Anayefanya mambo haya yote yaende ni karani wa rekodi, kwa kuwa ndiye anayeamua faili iingie chumba gani. Karani asipoelezwa sababu ya stika, atagawa mafaili kwa usawa kati ya vyumba, jambo ambalo kwake ndilo haki, na mpango utakwisha bila mtu kujua ulikwisha lini. Kila robo mwaka chuo kihesabu: kati ya ziara zote za wagonjwa wa orodha hiyo, ngapi zilikuwa kwa daktari wao au jozi yake? Jibu likiwa chini ya nusu, orodha ipo kwenye karatasi tu.

Kuhusu timu. Somo lake la kila siku ni kikao cha dakika 10 kabla ya mgonjwa wa kwanza, watu wakiwa wamesimama kwenye meza ya mafaili. Mafaili ya wenye miadi yawe yametolewa jioni iliyotangulia. Yasipotolewa, kikao kinageuka kuwa salamu. Mambo ya kusemwa ni machache: nani anakuja leo na ana kipimo gani kinachosubiriwa, nani hakuja wiki iliyopita na nani atampigia simu, dawa gani imeisha na mbadala wake ni upi, nani katika timu hayupo. Muuguzi ndiye akiongoze. Daktari akikiongoza kila siku kinakuwa mzunguko wa wodi, yeye akiuliza na wengine wakijibu kwa woga. Daktari wa mwaka wa kwanza asimame, asikilize, apokee kazi kama wengine. Wa mwaka wa pili akiongoze kwa zamu na muuguzi. Mfamasia au msaidizi wake awepo hata akiwa na dakika tatu tu, kwa kuwa taarifa kwamba dawa fulani imeisha ikitoka saa tatu asubuhi inaokoa watu 30 kuandikiwa dawa watakayoikosa dirishani.

Mgawanyo wa kazi uandikwe ukurasa mmoja na kubandikwa. Tabibu amwone mwenye presha iliyotulia kwa kufuata mwongozo. Daktari amwone ambaye dawa mbili hazijamsaidia, mjamzito mwenye presha, mwenye figo zinazodhoofika, na mwenye maradhi matatu na dawa tisa. Bila ukurasa huo daktari mwanafunzi huangukia mojawapo ya makosa mawili: ama anamwona kila mtu mwenyewe na foleni inafika saa kumi, ama anawaachia matabibu wote na kubaki kutia saini.

Sasa ubora, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa urefu, maana ndipo panapoharibika zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa. Fomu tunazojaza kila mwezi zinahesabu ziara. Mojawapo, MOH 705B ya wagonjwa wa nje, itakuambia ni wagonjwa wangapi wa presha walionekana mwezi huu. Haikuambii presha ya nani imeshuka. Daktari anayetaka kujua kama kliniki yake inatibu watu inabidi awe na rejista ya watu, yenye mstari mmoja kwa mtu mmoja, na ajibu swali moja: kati ya wote walioandikishwa, ni wangapi kipimo chao cha mwisho katika miezi mitatu iliyopita kilikuwa chini ya 140/90?

Kosa kubwa ni katika maneno "wote walioandikishwa". Kliniki yenye wagonjwa 80, ambapo 50 walikuja na 35 kati yao wametulia, inaweza kutangaza asilimia 70. Ukweli ni 35 kati ya 80, chini ya asilimia 44. Wale 30 ambao hawakuja hawajulikani hali yao, na ndimo watakamotoka wagonjwa wa kiharusi. Daktari mwanafunzi afundishwe kuwaweka katika hesabu hata kama wanaharibu sura ya grafu, na msimamizi wake asimwadhibu kwa grafu mbaya yenye ukweli. Akiadhibiwa mara moja, rejista nzuri za mwaka unaofuata zitakuwa za uongo.

Kosa la pili liko kwenye mashine ya presha. Mgonjwa anatakiwa akae dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu ikigusa sakafu, mkono ukiwa kwenye usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kuzungumza. Vichukuliwe vipimo viwili vyenye dakika moja kati yake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na mtu anaongezewa dawa asiyoihitaji. Vituo vingi vina mkanda wa saizi moja. Kuna njia ya kumfundisha daktari mwanafunzi kunusa vipimo vya kubuni: achukue vipimo 100 vya presha kutoka rejista, atazame namba ya juu ya kila kimoja (kama 140 katika 140/90), na ahesabu zinazoishia na sifuri. Kwa mashine ya kidijitali zinatarajiwa kama 10. Kwa mashine ya mshale, inayosomwa kwa namba shufwa, kama 20. Akikuta 60, watu wanakadiria, na hakuna mradi wa kuboresha dawa utakaofaa kabla ya kurekebisha upimaji. Hilo ni zoezi la nusu saa, na linamfundisha mashaka yanayofaa kuliko kipindi kizima cha takwimu.

Baada ya hapo ndipo aingie kwenye mzunguko wa kuboresha: panga, fanya, chunguza, rekebisha. Mabadiliko yawe madogo kiasi cha kujaribiwa siku moja. Mfano ni kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za wiki 12 badala ya wiki 4. Kituo chenye wagonjwa 240 wa presha wanaokuja kila mwezi kina ziara 240 kwa mwezi. Nusu yao, 120, wakihamia kwenye miezi mitatu, ziara zao zinakuwa 40 kwa mwezi, na jumla inashuka hadi 160. Nafasi 80 zimepatikana kwa ajili ya ambao hawajatulia. Lakini angalia stoo. Watu 120 wanaotumia kidonge kimoja cha amlodipini, dawa ya presha, kwa siku walikuwa wakichukua vidonge 3,360 kila wiki nne. Wakihamishwa wote mwezi mmoja, watachukua vidonge 10,080 kwa mkupuo, stoo itakauka, na mfamasia atasema, kwa haki, kwamba mpango wa daktari umemharibia hesabu. Wakihamishwa 40 kila mwezi kwa miezi mitatu, kundi hilo likishahama lote matumizi yanarudi 3,360 vilevile. Katika miezi miwili ya kwanza tu stoo inatoa 5,600 na 4,480, ziada ya vidonge 3,360 jumla inayopaswa kuagizwa mapema. Daktari asiyekaa na mfamasia hataliona jambo hili. Hapo ndipo somo la timu na somo la ubora yanakuwa somo moja.

Matokeo yachorwe kwa mkono kwenye karatasi ya ukutani, nukta moja kila wiki, kutoka mafaili 20 yaliyochaguliwa bila upendeleo. Mstari wa katikati utokane na nukta 10 au 12 za kabla ya mabadiliko. Nukta 6 mfululizo upande mmoja wa mstari ni dalili kwamba kitu kimebadilika kweli. Nukta mbili zilizopanda si habari. Tunasisitiza kwa sababu ripoti nyingi hulinganisha "kabla" moja na "baada" moja, na kitu kilichoitwa mafanikio huenda ni mwezi usio na mgomo wala mvua.

Kwa wakuu wa vitivo: tasnifu ya ubingwa inakula muda ambao ungeweza kumfundisha haya, na mara nyingi inaishia kabatini. Kubalini mradi wa kuboresha huduma, uliofanywa kwa mizunguko isiyopungua mitatu na timu ya kituo, uhesabiwe kuwa tasnifu, na utaratibu wa kamati ya maadili uwe mfupi kwa miradi isiyomwongezea mgonjwa hatari. Badilisheni na mtihani. Daftari la stadi linahesabu idadi ya upasuaji wa uzazi. Liongezwe ukurasa wa grafu za orodha yake. Katika mtihani wa mwisho mpeni rejista ya wagonjwa 20 na dakika 15, mumwulize ampigie nani simu kwanza na kwa nini. Muuguzi, tabibu na karani walioshirikiana naye miezi sita wajaze fomu ya kumpima, na alama zao zihesabiwe. Mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa, na si kosa lake.

Msimamizi mmoja asiwe na wanafunzi zaidi ya wanne kwa wakati mmoja kliniki, na siku hiyo asiwe na foleni yake mwenyewe. Msimamizi mwenye wagonjwa 30 hafundishi. Anajibu kupitia mlangoni.

Wahamasishaji wa afya ya jamii ni zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja akiwa na takriban nyumba 100, na tangu Septemba 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wanawatuma watu vituoni kwa fomu ya MOH 100, na malalamiko yao ya kudumu ni kwamba jibu halirudi. Mwacheni daktari mwanafunzi awe na wajibu wa kujaza sehemu ya jibu kwa kila mgonjwa wa eneo la orodha yake, ahudhurie kikao cha kitengo cha jamii kila mwezi, na atembelee nyumba mbili pamoja na mhamasishaji, hasa za wale waliopotea kwenye rejista. Sababu za kupotea hupatikana huko: nauli, kazi ya kibarua, dawa ya miti shamba, au maneno makali ya dirishani.

Waheshimiwa Magavana, wengi wa madaktari hawa ni waajiriwa wenu walio kwenye likizo ya masomo. Wakirudi, tafadhali msiwape usimamizi wa hospitali kwa sababu tu wamezoea kukaa na watu, wala msiwarudishe kwenye zamu za wodi siku saba. Andikeni nafasi ya daktari wa familia kwenye kitovu cha kila mtandao, pamoja na siku zake za kutembelea vituo na usafiri wa kumfikisha. Gari likichukuliwa siku ya ziara, ziara imekufa.

Baraza lina uwezo wa kulifanya hili liwe sharti: kituo cha mafunzo ya tiba ya familia kisipitishwe kama hakina kituo cha kiwango cha 3 kilichounganishwa nacho, rejista ya watu, mikanda ya presha ya saizi mbili au zaidi, na ratiba inayoonyesha nani anaitwa kwa dharura siku za kliniki. Wakaguzi wasiishie ofisini. Waombe shajara ya miadi ya daktari mmoja na mafaili 20 ya orodha yake.

Tunaomba mabadiliko ya ratiba yafanyike kabla ya ratiba ya mwaka ujao wa masomo kuchapishwa, na vituo viwili au vitatu katika kila programu vianze na orodha za wagonjwa 40. Rejista, stika, karatasi za grafu na muda wa maongezi wa simu ni gharama ndogo ambayo fedha za kituo zinaweza kubeba. Gharama kubwa ni daktari wa kushika zamu ya dharura siku ya kliniki, na hiyo ndiyo tunayowaomba Wizara na kaunti mkae mezani mkubaliane nani ailipe.

Wenu katika kazi,

Walimu wa tiba ya familia, wauguzi, matabibu na makarani wa rekodi wa vituo vya mafunzo